Kutoka Tabata hadi Ukerewe: siku zetu za kuhamia ziwani

Siku ya 1, Jumamosi

Fuso limetoka Tabata saa nne usiku na vyombo vyetu vyote. Mume wangu alisimama pembeni ya bodi na daftari la kaunta, akaandika kila kilichopanda: kabati la vyombo, cherehani, friji, magodoro manne, masufuria ya shughuli, na meza niliyosahihishia madaftari ya watoto wa watu kwa miaka 35. Vipande 64. Dereva akasaini chini. Ndiyo kazi aliyoifanya mume wangu miaka 31, kutunza stoo ya serikali, na miaka miwili ya kustaafu haijamwachisha. Akiona vitu vingi pamoja, midomo inaanza kucheza, anahesabu. Akiona watu wengi pamoja, hivyo hivyo. La vitu alilitoa kazini. La watu lina chanzo kingine, nitalifikia.

Kitu kimoja sikukubali kipande fuso: mbuzi yangu ya kukunia nazi. Ni ya mninga. Baba yangu alinichongea Muheza mwaka nilioolewa, na yale meno yamenolewa mara nyingi mpaka yamebaki mafupi kama ya mtoto. Nimeifunga kwenye kanga, nimeiweka kwenye begi la mkononi pamoja na nazi kumi na mbili, kwa sababu wifi yangu alishanionya kwamba Ukerewe, kisiwani kule Ziwa Victoria, nazi ni ya kuletwa na bei yake inauma.

Nimetimiza 60 mwezi Machi, na mtumishi wa umma akifika hapo hana mjadala, anakabidhi. Nyumba ya Ukerewe tumeijenga miaka tisa, mshahara kwa mshahara, kwenye kiwanja cha ziwani alichoachiwa mume wangu na mama yake. Mkupuo wangu wa kustaafu, ile asilimia 40 ya mafao kwa kikokotoo (kanuni ya kukokotoa pensheni) cha sasa, umemalizia dari, madirisha na tanki la maji. Pensheni ya kila mwezi ndiyo tutakayokula. Hapa Dar ingemalizwa na kodi ya nyumba na maji ya boza kabla ya tarehe kumi.

Shoga zangu wa mtaani wameshinda wakiniuliza mambo mawili. Ukizidiwa usiku, hospitali iko wapi? Na kule si lazima mvuke maji? Ni maswali ya haki, nami nimeondoka nayo.

Siku ya 2, Jumapili

SGR, treni ya umeme, saa kumi na mbili asubuhi. Treni hii ilianza kufika Dodoma Julai 2024, na mimi ndiyo kwanza naipanda. Niliwahi kusafiri njia hii kwa basi nikiwa na mimba ya kifungua mimba wetu, kutwa nzima, miguu imevimba. Leo tumefika kabla jua halijawa kali. Mume wangu alitembea behewa letu mara moja kwenda na kurudi, akakaa, akafunga mkanda wa koti lake. "Hakuna aliyesimama," akasema. Nikamwambia nimeona.

Tumelala kwa binti yetu, aliyetupikia wali na kuku wa kienyeji na kulia kidogo wakati wa kuosha vyombo, akidhani sisikii.

Siku ya 3, Jumatatu

Basi kutoka Dodoma alfajiri. Manyoni, Singida, halafu unateremka Sekenke na nchi inafunguka mbele yako, tambarare hadi macho yanachoka. Igunga, Nzega, Shinyanga. Ni msimu wa pamba: malori yamejazwa mpaka marobota yananing'inia, na nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miiba kando ya barabara kama mtu amepita akizidondosha makusudi. Ng'ombe wengi, vumbi jingi. Kuanzia Misungwi mawe yanaanza, makubwa, yamepangana moja juu ya jingine, na ukiyaona hayo ujue Mwanza imekaribia.

Usagara mume wangu alinionyesha barabara inayokata kushoto kwenda Kigongo. Huko ndiko lilikojengwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 19, 2025. Zamani ukitaka kwenda Sengerema au Geita ulikuwa unapanga foleni ya kivuko, na mgonjwa wako yuko kwenye gari anasubiri na wewe. Sasa unapita tu. Mume wangu aliitazama ile barabara mpaka ikapotea nyuma. "Mungu akitujalia," akasema, "na sisi Wakerewe watatukumbuka."

Nyegezi stendi saa moja usiku. Dereva wa fuso hapokei simu tangu jana mchana.

Siku ya 4, Jumanne. Mwanza

Nimeamshwa na baridi. Watu wa pwani tunadhani kila penye maji mengi pana joto la kunata, lakini ziwa hili liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai inataka sweta. Mama wa nyumba ya wageni alinipokea na "Mwangaluka", nikaitikia, akafurahi mpaka akaniongezea chapati.

Tulikwenda mwaloni Kirumba kununua dagaa wa kuanzia maisha. Nimefika masoko mengi lakini lile la dagaa sijaona mfano wake. Magunia yamepangwa mpaka darini, wapagazi wanapita mbio, na mwenye duka alituambia mzigo wake wa leo unakwenda Kongo. Akanifundisha kuchagua. Dagaa aliyeanikwa kwenye kichanja anang'aa, ukimvunja analia *ka*. Aliyeanikwa chini kwenye mchanga utamjua mdomoni, hata umwoshe mara tano. Nimenunua sado mbili za kichanja.

Kutoka hapo tulitembea mpaka bandarini. Wazo lilikuwa langu. Kutoka Mwanza kwenda Nansio, mji wa Ukerewe, kwa meli ni kama saa tatu tu: unapanda hapa, unashuka nyumbani. Kwa barabara unazunguka Ghuba ya Speke yote, Magu, Lamadi, Bunda, kisha unakata kwenda Kisorya, na bado mwishoni kivuko kinakungoja. Nilikuwa nimechoka na mabasi. Nikamwambia, "Baba watoto, kesho twende na meli."

Hakunijibu. Alikuwa anawatazama watu waliopanga mstari, na midomo inacheza.

Nitaandika sasa. Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa kwenye MV Bukoba. Ilikuwa Jumanne kama leo, Mei 21, 1996. Meli ilitoka Bukoba usiku, ikapakia tena Kemondo, ikapinduka asubuhi ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa peke yao walizidi 800. Kijana alikuwa na miaka 24, anarudi na ndizi na zawadi ya gauni la mama yake. Mume wangu alikuwa hapa Mwanza, amekuja kumpokea, amesimama kwenye gati hili na mwamvuli kwa sababu mawingu yalikuwa mazito. Alisimama nao mpaka usiku. Mwili haukutambulika.

Tangu hapo hajapanda meli. Kwao anakwenda kwa kuzunguka, na kile kivuko kifupi cha Kisorya anakivuka akiwa amesimama mlangoni. Miaka yote ya ndoa yetu nimeisikia habari hii mara mbili tu, na mara zote mbili aliyenisimulia ni mama mkwe.

Tukarudi nyumba ya wageni. Saa kumi jioni dereva wa fuso akapokea: gia boksi imekufa Igunga. Ina maana jana tulimpita na basi letu hatujui. Mwenye gari alituambia kwa sauti ya juu kwamba barabarani lolote linatokea. Nilimtaka aombe radhi, aseme hata neno moja la pole kwa wazee wawili wanaokwenda kulala kwenye nyumba tupu. Akakata simu.

Siku ya 5, Jumatano

Tumezunguka.

Nilikodi teksi mpaka Igoma kwanza. Sikumwuliza mume wangu, nilimwambia tu dereva asimame makaburini. Ndipo walipozikwa wengi wa wale ambao hawakutambuliwa. Pana mnara, na kila Mei 21 watu huja kufanya ibada. Leo palikuwa kimya, majani makavu, na mbuzi watatu wamejilaza kwenye kivuli cha ukuta. Mume wangu alivua kofia. Alitembea polepole kati ya mistari ya makaburi, na mara hii midomo haikucheza, nilikuwa namtazama. Alipofika mwisho aliinama, akaokota kijiwe kidogo, akakitia mfukoni. Nikatoa nazi moja kwenye begi nikaiweka chini ya mnara. Sijui kwa nini. Kwetu hakuna desturi hiyo, na kwao pia hakuna. Sikuwa na kitu kingine mkononi.

Teksi ikatupeleka stendi ya Nyamhongolo, tukapanda haisi. Njia hii ni nzuri na sikutegemea. Unapita Kisesa na Magu, mpunga na majaruba upande mmoja, ziwa linachungulia upande wa pili. Ukifika Lamadi uko ukingoni mwa Serengeti kabisa, lango la Ndabaka liko pale pale barabarani, na nyumbu walikuwa wanakula majani kama ng'ombe wa jirani. Bunda tukabadili gari. Kutoka hapo mpaka Kisorya ni rasi ndefu iliyojisukuma ziwani, mihogo na mtama, nyumba zenye mabati mapya.

Kivuko kilikuwa upande wa pili. Tulikaa kwenye benchi la mama muuza sato wa kukaanga. Mume wangu hakula. Kivuko kilipogusa ngazi akasimama, akaanza kuhesabu: malori mawili, haisi moja, pikipiki kumi na moja. Halafu watu. Mfanyakazi wa kivuko, kijana wa umri wa mwanetu wa mwisho, akamwona.

"Shikamoo mzee. Unahesabu?"

"Marahaba. Nahesabu."

"Na mimi nahesabu. Wewe umepata wangapi?"

Akamtajia. Kijana akamwonyesha kidaftari chake, namba ilipishana kwa mmoja. Mume wangu alikuwa amemsahau mtoto wa mgongoni. Kijana yule akatutafutia majaketi okozi mawili, akamfunga mume wangu kamba yeye mwenyewe, fundo kwa fundo, bila kumharakisha. Mama yake amzidishie radhi.

Kuvuka ni dakika chache. Maji yalikuwa ya kijivu, gugumaji limeelea vipande vipande na ndege mweupe amesimama juu ya kipande kimoja anasafirishwa. Nilimshika mume wangu mkono mbele za watu, jambo ambalo hatujazoea. Mkono ulikuwa baridi na mkavu. Tulipogusa Rugezi akaniachia, akashuka wa kwanza, akasimama kwenye udongo mwekundu akanisubiri.

Nansio saa kumi na moja. Wifi na watoto wa ndugu walikuja na bodaboda nne. Tumelala kwenye mkeka katika chumba kinachonuka rangi mpya, na usiku kucha nimelisikia ziwa. Linapumua. Bahari ya kwetu Tanga huja na kuondoka, maji yakikupwa unatembea mpaka mbali. Hili haliondoki. Liko pale pale mlangoni, linapiga mawe taratibu, usiku kucha.

Siku ya 6

Nyumba iko mita 60 na kidogo kutoka majini. Sheria ya mazingira haitaki mtu ajenge karibu zaidi ya hapo, na mume wangu alipima kwa kamba mara tatu kabla ya msingi. Jirani wa kwanza alikuja saa mbili asubuhi na bakuli la uji wa mtama. Wa pili na machungwa. Hapo nikasimama: kisiwa hiki kina machungwa! Mtoto wa Muheza nimekuja mwisho wa nchi nikakuta michungwa uani. Ni madogo kuliko ya kwetu na ganda lake limekaza, lakini maji yake ni matamu sana. Nimekula manne nikiwa nimesimama.

Siku ya 7

Watu hupaita hapa "kwa wastaafu". Hapana uzio wala kibao. Ni nyumba kumi na moja zilizotawanyika kati ya mawe na miembe, kilomita chache kutoka Nansio, na katika saba wanaishi watu waliomaliza kazi bara wakarudi: muuguzi, askari wawili, bwana shamba, fundi mitambo wa meli, mhudumu wa mahakama, na sisi. Katikati wanaishi wavuvi na wakulima ambao hawajawahi kuondoka, na hao ndio wenye mahali, nilimsikia bwana shamba akilisema hilo wazi.

Jioni wanakaa chini ya mwembe wa muuguzi. Wana mchezo wa kupeana fedha, wana mlinzi mmoja wa usiku wanayemlipa kwa kuchangiana, na wana jambo moja ambalo nililisikiliza kwa makini kuliko yote. Wanaliita hodi. Kila asubuhi saa moja mmoja wao, kwa zamu ya wiki, anapita nyumba zote kumi na moja. Anabisha. Ukiitika anaendelea. Usipoitika mara tatu anaingia. Walianza baada ya mzee mmoja, aliyekuwa akiishi peke yake, kuanguka bafuni Jumatatu akaonekana Jumatano, alikuwa hai bado lakini amechelewa kupatikana. Muuguzi alipofika hapo alinyamaza, akamenya chungwa lote bila kulila.

Tabata nimeishi miaka 22. Nyumba zilibanana hata ungesikia jirani akikohoa. Nani angenipigia hodi saa moja asubuhi?

Nimeomba zamu. Wamenipa ya wiki ijayo.

Siku ya 8

Fuso limefika. Vipande 63. Kioo cha kabati kimevunjika na godoro moja limelowa dizeli. Kilichopotea ni kigoda cha mama mkwe, na mume wangu amekitafuta ndani ya bodi mara nne. Mwenye gari amesema kwa simu kwamba hicho ni kitu kidogo.

Siku ya 10

Somo la muuguzi, naliandika kwa sababu wageni wote tunakosea hapo. Usiingie miguu mitupu kwenye maji yaliyotulia penye matete, kichocho kiko hapo. Konokono wadogo ndio wanaokibeba, na kijidudu kinapenya ngozi bila wewe kujua. Maji ya kuoga ukiyateka leo yaache yalale siku mbili kwenye pipa ndipo uyatumie. Ya kunywa yachemke sawasawa. Na wageni waliozoea bahari ndio wanaozembea zaidi, kwa kuwa wanaona maji, wanavua viatu. Alinitazama miguuni wakati anasema. Nilikuwa peku.

La hospitali, swali la shoga zangu. Hospitali ya wilaya iko Nansio. Dirisha la wazee lipo na tulipishwa kweli, nimepimwa presha na kupewa dawa zangu. Ila macho yangu, ambayo presha yake imekuwa juu miaka mitatu sasa, yanataka daktari bingwa, na bingwa yuko Bugando, Mwanza. Wameniandikia rufaa. Tarehe ni Jumatatu ijayo.

Mume wangu aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaniwekea kwenye pochi.

Siku ya 12

Mwezi umekufa, na giza la mwezi ndilo msimu wa wavuvi wa dagaa, kwa sababu dagaa hufuata taa na mwezi ukiwaka taa haina kazi. Usiku ziwa zima limewaka. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na sola, zinaelea juu ya maji mbali kabisa kama kuna mji mwingine kule. Nilitoka saa tisa nikamkuta mume wangu kwenye ngazi, amejifunika blanketi.

"Sabini na nane," akasema.

Nikakaa. Fundi wa meli naye alikuwepo, kumbe hawa wawili wanakutana hapo kila usiku. Fundi alikuwa Ukara, kisiwa cha jirani, Septemba 20, 2018, siku MV Nyerere ilipopinduka ikiwa imebakiza kidogo kufika gati la Bwisya. Kivuko cha watu 101, siku ya gulio. Waliokufa wakapita 220. Alikuwa kwenye mtumbwi, alisaidia kuvuta watu, waliokuwa wazima na waliokuwa wameshakwisha. Alisimulia kwa maneno machache, kisha akasema jambo ambalo mume wangu hajawahi kuambiwa na mtu anayejua vyombo:

"Mzee mwenzangu, ziwa halikuchukua mtu. Nimekaa na injini miaka thelathini. Chombo kizima, kilichopakiwa kwa kiasi chake, huenda na kurudi. Watu ndio walikubali kupakia vile, na watu ndio walikubali kupanda vile. Wewe endelea kuhesabu. Wangehesabu wote, tungekuwa na ndugu zetu."

Alfajiri upepo uligeuka, mawingu yakapanda upande wa magharibi, taa zikaanza kukimbilia nchi kavu moja moja. Walibaki kuzihesabu zikirudi. Niliwaachia birika la chai.

Siku ya 14

Zamu yangu ya hodi imeanza. Nyumba kumi na moja kwa dakika arobaini, maana kila mtu anataka kunieleza alivyolala. Mhudumu wa mahakama aliitika mara ya tatu. Nilishashika kitasa, moyo unanipiga.

Jioni nilikuna nazi. Nimeikalia ile mbuzi uani, kina mama wa wavuvi wamenizunguka, wengine wamewahi kuiona Mwanza, wengine hawajawahi. Binti mdogo akataka kujaribu, akakuna vizuri mpaka kwenye kifuu, meupe yakawa meusi, nikamwambia hapo ndipo pa kusimama. Nikaweka tui kwenye sato wawili wakubwa na ndimu. Wao wamenifundisha wa karanga: karanga mbichi zinasagwa, zinachemka polepole mpaka mafuta yapande juu. Nazi zilizobaki ni saba, na sasa naona si haba, maana karanga nitaziweza.

Siku ya 17, Jumatatu

Kwa barabara ningefika Mwanza nimechelewa miadi. Jana usiku nilimwambia naenda na meli ya asubuhi. Nilijiandaa kwa ubishi. Alisema tu, "Nitakusindikiza."

Gatini karani aliandika jina langu, umri na namba ya simu. Mume wangu alimwomba aisome tena. Akaenda ukutani, akasoma idadi ya abiria wanaoruhusiwa, akarudi, akasimama pembeni ya ngazi. Waliopanda wote walimpita mbele ya macho. Wengine walimpa shikamoo, akawa anaitikia bila kupoteza hesabu. Nilipanda karibu na mwisho. Hakunifuata wala sikumwambia anifuate. Nilivaa jaketi kabla ya injini kuwaka ili alione, rangi ya chungwa, nikasimama upande wake. Alikuwa na mwamvuli. Mawingu hayakuwepo.

Meli ilipogeuka bado alikuwa amesimama. Nilimwangalia mpaka akawa kijiti.

Bugando iko kilimani, na ukitoka nje ya kliniki ya macho unaliona ziwa lote na visiwa vyake. Presha ya macho imeshuka. Wamenibadilishia matone, nirudi baada ya miezi mitatu. Nimelala kwa binamu yake, Kirumba.

Siku ya 18, Jumanne

Meli ya kurudi. Nilipanda, nikakaa, na kabla sijajua ninachofanya midomo yangu ilikuwa inacheza. Nilianza na viti vya mbele. Mama mmoja mwenye vifaranga kwenye kikapu akaniuliza kama nasali. Nikamwambia nahesabu. Akaniuliza tumefika wangapi, nikamwambia, akageuka akahesabu na yeye.

Ziwa lilikuwa shwari. Mawe ya Mwanza yakazama nyuma, visiwa vikapita, wadudu wadogo wa ziwani wakapanda mbali kama moshi wa mtu anayechoma majani. Jua lilikuwa linakaribia maji tulipoliona gati la Nansio, na kwenye gati mtu mmoja na mwamvuli, jua kavu.

Nilishuka. Akachukua begi. Alinitazama jaketi ambalo nilikuwa nimesahau kulivua, akanifungua fundo la kwanza, la pili, la tatu, akamrudishia baharia.

"Mlikuwa wangapi humo?"

"Viti vilibaki," nikamwambia. "Kumi na tisa."

Akaufunga mwamvuli.